Spika za kukaa nazo miaka 20: boksi la kawaida, amplifaya ya ndani, paneli au honi?

Siku niliyovua kitambaa cha mbele cha spika zangu za zamani nilitaka kufuta vumbi tu. Kidole kikagusa ukingo wa sponji unaoshika koni ya wufa (ile kubwa ya besi), na kipande cha ukingo kikabaki kidoleni: cheusi, kinanata, kama majivu yaliyonyeshewa. Ajabu ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimezisikiliza na sikusikia kasoro. Sponji haifi kwa siku moja. Inaliwa na hewa mwaka hadi mwaka, na sikio nalo linazoea kila hatua ya kuliwa kwake.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue spika gani za kukaa nazo, humrudishia swali: ndani yake kitakufa nini kwanza, na atakitengeneza nani? Spika za daraja la juu karibu zote zinalia vizuri dukani. Huja kuachana mwaka wa 12 au wa 18, pale fundi anapozifungua.

Nalinganisha aina nne ambazo mtu aliyejipanga kununua mara moja hujikuta amekwama kati yake: boksi la kawaida linaloendeshwa na amplifaya ya nje, spika zenye amplifaya ndani yake, spika za paneli (utando mpana mwembamba usio na boksi), na spika za honi (zenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta). Chapa nitakazotaja ni mifano ya kueleweka, si orodha ya manunuzi.

## Vigezo kwanza

Chumba. Hiki ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachowaponza. Chini ya hezi 200 au 300 hivi, unachosikia ni chumba kuliko spika. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, chumba chenye urefu wa mita 5 kitavimbisha besi kwenye hezi 34, na dari ya mita 2.5 itaongeza uvimbe wake karibu na hezi 69. Lete spika yoyote unayotaka, itaukuta uvimbe huo unaisubiri. Ukuta wa nyuma nao una mambo yake. Spika ikiwa mita 1 mbele ya ukuta, sauti inayogonga ukuta na kurudi hukutana na inayotoka zikiwa zinapingana karibu na hezi 86, na besi inachimbwa shimo hapo. Ndiyo maana watu wawili wenye spika zilezile husimulia habari zisizofanana, na wote wanasema kweli.

Kwa mtu anayetaka kukaa na spika miaka 20, swali la chumba lina upande wa pili: je, utabaki katika chumba hichohicho? Wengi hawabaki. Kuna spika zinazohama vizuri, na kuna zinazofunga ndoa na pembe mbili za nyumba moja.

Sauti yenyewe. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, kwanza katika taasisi ya taifa ya utafiti ya Kanada na baadaye katika kampuni ya Harman, alitumia miaka mingi akiwasikilizisha watu spika bila kuwaonyesha ni zipi. Jina na umbo vilipofichwa, wengi walielekea kupenda kitu kilekile: spika ambayo sauti yake ya mbele haipendelei noti hii kuliko ile, na ambayo sauti yake ya pembeni hubadilika taratibu bila kuruka. Kwa hiyo omba michoro ya vipimo, ya mbele na ya pembeni. Ladha inaanzia hapo kwenda mbele.

Ulaji wa umeme. Spika hupimwa inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kila pengo la desibeli 3 linataka wati mara mbili. Pengo la desibeli 10 linataka mara kumi. Namba hii ndogo ndiyo itakayoamua ukubwa wa amplifaya.

Uzee. Kinachochoka, kinachochakaa, na kama kipuri kitapatikana.

Kuishi nazo. Ukubwa, nyaya, watoto, paka, na wale wasiopenda kabisa kuona spika sebuleni.

## Boksi la kawaida na amplifaya ya nje

Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walieleza mashine hii mwaka 1925: koili ndani ya sumaku, koni ya karatasi mbele yake. Miaka mia moja baadaye bado ni ileile. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaonyesha kwamba boksi dogo lililozibwa kabisa linaweza kushuka kwenye besi nzito, na hapo spika za nyumbani zikaacha kuwa na ukubwa wa kabati la nguo.

*Sauti.* Hapa ndipo kuna uchaguzi mpana kuliko kote, kiasi kwamba kusema "sauti ya boksi" hakumaanishi kitu. Upande mmoja kuna ukoo wa BBC: ile LS3/5A ndogo ya miaka ya 1970 ambayo viwanda kadhaa vinaitengeneza hata leo, na Harbeth iliyoanzishwa mwaka 1977 na mhandisi aliyetoka BBC. Kuta zao ni nyembamba na zimetulizwa kwa makusudi, na sauti ya binadamu hutoka kama mtu aliyeketi chumbani. Upande wa pili kuna maboksi mazito yaliyokazwa kwa ndani, kama yale makubwa ya Bowers & Wilkins, yanayokuonyesha hadi mwimbaji anapovuta pumzi. Unaweza kupenda ukoo mmoja na usimwelewe anayependa mwingine.

*Chumba.* Boksi lenye tundu la hewa lina besi ya kutosha hadi mahali fulani, kisha linaporomoka kwa desibeli 24 kila unaposhuka oktavu, yaani kila hezi zinapopungua nusu. Lililozibwa linaanza kupungua mapema zaidi lakini taratibu, desibeli 12 kwa oktavu, na chumba kidogo huwa kinalijazia pengo hilo. Kama spika zitakaa karibu na ukuta, boksi lililozibwa halitakusumbua sana. Lenye tundu nyuma linaweza kuzibwa kwa kipande cha sponji. Usione aibu, viwanda vingi huweka kipande hicho ndani ya katoni.

*Ulaji wa umeme.* Nyingi ziko kati ya desibeli 84 na 90, kwa hiyo amplifaya ya kawaida yenye nguvu inatosha. Jihadhari na maandishi ya "omu 8", yaani upinzani wa spika kwa umeme wa amplifaya. Hiyo ni wastani wa heshima. Baadhi hushuka hadi omu 3 kwenye besi, na amplifaya dhaifu huishiwa pumzi hapo.

*Uzee.* Kama spika ingekuwa baiskeli, hii ndiyo ile ambayo fundi wa kona anaifungua bila kuuliza. Koni zimefungwa kwa skrubu. Kroseova, yaani ubao unaogawa sauti kati ya wufa na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba), una vipande vichache vinavyojulikana duniani kote. Vya kuangalia ni vitatu. Kwanza, ukingo: wa mpira hudumu kwa muda mrefu sana, wa sponji huoza, mara nyingi kati ya mwaka wa 10 na wa 20. Pili, kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) za kimiminika kwenye kroseova hubadilika thamani zinapozeeka, twita ikaanza kusikika kama imefunikwa. Kapasita za filamu hustahimili zaidi. Tatu, baadhi ya twita huwa na mafuta ya sumaku kuizunguka koili ili kuipoza, na mafuta hayo hukauka.

Zile spika zangu nilizibadilisha ukingo mwenyewe, na niliharibu mara ya kwanza. Niligundi ukingo mpya bila kuweka koili katikati, gundi ikakauka, nikaiwasha: *krr, krr* kila besi ilipopiga, koili ikikwaruza sumaku. Ikabidi nibandue kila kitu. Mara ya pili nilitoa kofia ndogo ya katikati ya koni, nikachomeka vipande vya karatasi ngumu kuizunguka koili ili isiyumbe, nikagundi, nikasubiri hadi kesho yake, ndipo nikavuta karatasi. Hadi leo zinaimba. Kazi hiyo ilinigharimu jioni mbili na chupa moja ya gundi. Ni hoja kubwa ya kupendelea boksi la kawaida, na nakiri inanipendelea mimi ninayependa kufunguafungua vitu.

Kuna tahadhari moja. Viwanda vinavyojitengenezea wufa na twita zao, kama ATC ya Uingereza, hukupa kipuri halisi ilimradi kiwanda kinaishi. Vile vinavyonunua kwa wengine hukuachia nafasi ya kukitafuta kipuri mwenyewe, lakini kikisitishwa huko kinakotengenezwa, umekwama.

*Kuishi nazo.* Kuna kifaa cha ziada na nyaya nene zinazopita sakafuni. Twita nyingi za kuba ziko wazi, na kidole cha mtoto hakijui kwamba ile si kitufe. Kama twita ni ya beriliamu, usiiguse kabisa ikivunjika. Vumbi la madini hayo ni sumu kwa mapafu.

*Anayefaa:* anayependa kubadilisha amplifaya kadiri miaka inavyokwenda, na anayetaka uhakika kwamba kila kipande kinaweza kufunguliwa na mtu mwenye bisibisi.

## Spika zenye amplifaya ndani

Studio zilitangulia kuzielewa hizi kuliko nyumba za watu. Genelec ya Iisalmi, Ufini, iliyoanzishwa mwaka 1978, imejenga jina lake juu ya hizi. Wufa ina amplifaya yake, twita ina yake, na sauti inagawanywa kabla ya kuingia kwenye amplifaya.

*Sauti.* Mhandisi anajua kwa hakika ni amplifaya gani inaendesha koni gani, kwa hiyo anaweza kusahihisha makosa ambayo boksi la kawaida huyavumilia tu. Besi inayotoka kwenye boksi dogo hushangaza. Watu husema hizi ni "baridi". Nadhani mara nyingi wanachosikia ni rekodi mbaya isiyofichwa.

*Chumba.* Hapa zinaongoza. Nyingi zina marekebisho ya chumba kwa maikrofoni, na baadhi, kama Kii Three na Dutch & Dutch 8c, zimebuniwa kupunguza sauti inayokwenda nyuma, hivyo ukuta una machache ya kurudisha. Ukihama nyumba, unapima upya jioni moja na maisha yanaendelea. Marekebisho haya hupunguza uvimbe vizuri. Mashimo hayajazwi kirahisi, kwa sababu unapoongeza nguvu, ile sauti inayopingana nayo inaongezeka vilevile.

*Ulaji wa umeme.* Hakuna cha kuchagua. Ni raha kwa wengi na ni mateso kwa wachache.

*Uzee.* Hapa nataka twende polepole, maana spika hizi zina umri wa aina tatu ndani ya boksi moja. Wufa na twita zinaweza kufikisha miaka 20 au 30. Ubao wa amplifaya na wa umeme unakaa ndani ya joto na mtikisiko, na kapasita zake zitachoka mapema kuliko hapo. Na kama kuna sehemu ya intaneti, yaani programu ya simu na huduma za muziki, hiyo itazeeka kama simu inavyozeeka: siku moja programu haifunguki kwenye simu mpya, na aliyeitengeneza ameshahamia kwenye modeli nyingine.

Kwa hiyo usiulize tu "ina udhamini wa miaka mingapi". Angalia nyuma ya spika. Je, ubao wa amplifaya umefungwa kama moduli moja yenye skrubu, inayoweza kung'olewa na kutumwa peke yake, huku boksi lenye kilo 30 likibaki nyumbani? Je, kuna tundu la XLR la analogi (soketi ya pini tatu ya waya wa sauti), ambalo litafanya kazi hata intaneti yote iliyomo ikifa? Spika ambayo mlango wake pekee wa kuingiza muziki ni programu ya kampuni ni kitu cha kukodi, hata kama umelipa pesa yote.

Zile zilizotokana na studio zina nafuu, kwa sababu wateja wake hawawezi kusimamisha kazi miezi miwili. ATC huuza modeli kadhaa kwa namna zote mbili, yenye amplifaya ndani na isiyo nayo, na kulinganisha mbili za aina hiyo ni somo zuri ukipata nafasi.

*Kuishi nazo.* Hakuna kabati la vifaa, ila kila spika inahitaji soketi yake ya umeme. Umeme usiotulia ni adui yake. Weka kilinda umeme.

*Anayefaa:* mwenye chumba kigumu, au anayehamahama, au asiyetaka kuchagua amplifaya tena maishani, na ambaye amekubali kwamba karibu na mwaka wa 15 kutakuwa na gharama ya ubao.

## Paneli

Kuna familia mbili. Ya kwanza ni elektrostatiki: utando wenye unene wa mikroni chache, uliochajiwa kwa maelfu ya volti, unaoning'inia kati ya sahani mbili zenye matundu. Peter Walker wa Quad aliileta nyumbani kwa watu mwaka 1957, na mwaka 1981 ikafuata ESL-63. Ya pili hutumia waya au ukanda wa metali uliobandikwa kwenye utando mbele ya safu za sumaku. Magnepan ya Minnesota, Marekani, imekuwa ikifanya hivyo tangu 1969.

*Sauti.* Hakuna boksi, kwa hiyo hakuna sauti ya boksi. Ukishasikia kinanda au mwimbaji mmoja kupitia paneli nzuri, utaelewa kwa nini kuna watu wasiozitupa hata zinapowasumbua. Lakini ngoma nzito hazilii vizuri hapo. Utando hauwezi kusogea umbali mrefu, na wengi huishia kuongeza sabufa, jambo linalotaka subira kwa sababu sabufa isiyopangwa vizuri husikika kama mtu mwingine chumbani.

*Chumba.* Paneli hutoa sauti mbele na nyuma kwa kiasi sawa. Zinataka mita 1 au zaidi ya hewa nyuma yake, na hii haina mjadala. Faida yake ni kwamba pembeni hutoa sauti kidogo sana, hivyo kuta za kushoto na kulia hazisumbui. Mahali pa kusikilizia mara nyingi ni kiti kimoja. Aliyeketi kando anasikia muziki. Wewe unamsikia mwimbaji.

*Ulaji wa umeme.* Ngumu. Elektrostatiki ni kama kapasita kubwa: noti zinapopanda, upinzani unashuka, na amplifaya nyingi hazipendi hivyo. Zile za sumaku zina upinzani tulivu wa omu 4 hivi, ila zinakula wati bila kushiba.

*Uzee.* Chaji huvuta vumbi, na unyevu huivujisha chaji. Dalili ya kawaida ni upande mmoja kufifia taratibu, au kutoa mlio kama wa mafuta yanayokaangika. Si jambo la kutengeneza mezani kwako. Volti zile zinaua, na hubaki ndani hata waya ukiwa umechomolewa. Lakini zisiogopwe kupita kiasi: Quad za miaka ya 1950 na 1960 bado zinaimba kwa sababu wapo mafundi waliojitolea maisha kwa modeli hiyo moja, na vipo viwanda vinavyouza paneli mpya kwa modeli zao za zamani. Za sumaku zina tatizo jingine: gundi inayoshika waya kwenye utando hulegea baada ya miaka mingi, hasa palipo na jua kali au unyevu, kisha waya unaanza kutetemeka. Kazi ya kuurudishia ni ya subira, si ya utaalamu mkubwa.

*Kuishi nazo.* Ni kama kuweka milango miwili katikati ya sebule. Paka huziona kama mahali pa kunolea kucha.

*Anayefaa:* anayesikiliza akiwa ameketi, mara nyingi peke yake, sauti za watu na ala zisizo na umeme, katika chumba kikavu chenye nafasi.

## Honi

Paul Klipsch alianza kuuza Klipschorn mwaka 1946, na bado inatengenezwa. Hutumia pembe ya chumba kama sehemu ya honi yake ya besi, na kampuni huipa desibeli 105 kwa wati 1. Linganisha na boksi la desibeli 85: pengo ni 20, maana yake penye wati 100 hapa wati 1 inatosha.

*Sauti.* Mpigaji ngoma akigonga, unashtuka. Tarumbeta inatoka na mate yake. Koni husogea kidogo tu, kwa hiyo hakuna kuhema hata muziki ukiwa juu. Honi mbaya hupaka kila kitu rangi ya kuzungumzia ndani ya bomba. Honi za kisasa zilizopimwa vizuri zimepunguza hilo sana. Tannoy, tangu 1947, imekuwa ikiweka honi ya twita katikati ya wufa ili sauti zote zitoke mahali pamoja, nayo ni njia nzuri ya kuonja ulimwengu huu bila kuhamia mzima.

*Chumba.* Honi kubwa zinataka umbali. Ukiketi karibu unasikia vipande: besi kule, twita hapa. Mita 3 hivi ni mwanzo mzuri. Zile za kwenye pembe zinataka pembe mbili safi, bila mlango wala dirisha.

*Ulaji wa umeme.* Wati chache, hata za amplifaya ya mirija ya zamani. Ila spika inayosikia kila kitu husikia pia mvumo wa amplifaya yako, na usiku ukitulia utaujua.

*Uzee.* Nzuri kuliko watu wanavyodhani. Nyingi za wufa zake kubwa zina ukingo wa kitambaa au karatasi iliyokunjwa, usiooza kama sponji. Kiendesha honi, yaani kile kinachotoa sauti nyuma ya honi, kina utando mdogo unaobadilishwa kwa skrubu chache, na vipuri vya aina hiyo vinatumika kwenye kumbi na sinema, hivyo soko lake ni pana. Kilichobaki ni zile kapasita za kroseova.

*Kuishi nazo.* Ni kubwa. Nimeishiwa maneno mengine.

*Anayefaa:* mwenye nyumba yake, chumba kikubwa, na mapenzi ya muziki ulio hai kuliko ulionyooka.

## Kabla ya kulipa

Nina jaribio moja ninalolipenda. Wasiliana na kiwanda au wakala wake na uulize bei ya twita ya modeli waliyoacha kuitengeneza miaka 10 iliyopita. Usiulizie ile unayotaka kununua. Jibu likija na namba ya kipuri na bei, umepata watu wa kukaa nao. Wakikushauri ununue modeli mpya, umeshajua utakavyojibiwa wewe miaka 10 ijayo.

Ukilinganisha spika mbili kwa masikio, sawazisha sauti kwa kipimo, hata cha kwenye simu, kisha usiguse. Iliyo juu kwa desibeli 1 tu husikika kama iliyo bora, na hutajua kwamba umedanganywa na sauti kubwa. Nenda na rekodi ya mtu unayemfahamu akizungumza. Muziki husamehe mambo ambayo sauti ya ndugu yako haisamehi. Kisha punguza hadi kiwango cha usiku watoto wakiwa wamelala, kwa sababu huko ndiko utakakosikiliza mara nyingi. Simama, tembea chumbani. Kama sauti inabadilika ghafla ukisogea hatua mbili, spika hiyo inataka uketi kama unapigwa picha.

Na katoni usizitupe. Spika ya kilo 40 bila katoni yake haisafiri salama kwa fundi wala kwa mnunuzi.

## Kwa hali yako

Kama unahama mara kwa mara, au chumba chako ni kidogo na spika lazima zikae ukutani, anza na zenye amplifaya ndani, zenye XLR, na weka kifaa cha intaneti nje yake ili kizeeke peke yake. Kama fundi wa kiwanda yuko mbali nawe sana, boksi la kawaida lenye ukingo wa mpira litakusumbua kidogo kuliko yote. Honi inafuata kwa karibu ikiwa nafasi ipo.

Kama chumba ni chako peke yako na unasikiliza jioni kwa makini, sikiliza paneli kabla hujaamua lolote, lakini mahali penye unyevu mwingi mwaka mzima fikiria upya elektrostatiki. Kama tayari una amplifaya ndogo unayoipenda na hutaki kuachana nayo, honi au boksi la desibeli 92 na zaidi ndiyo njia, kwa kuwa kubadilisha amplifaya ili kuridhisha spika ni kununua mara mbili.

Ukinunua zilizotumika, beba tochi. Vua kitambaa cha mbele, gusa ukingo kwa ncha ya kidole. Kisha kwa vidole viwili sukuma koni ya wufa ndani taratibu, kwa usawa, ukiwa umeinamisha sikio. Inatakiwa iingie na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, punguza bei au ondoka.